UPASUAJI WA KINENA: KUKATA KIDOGO, KUOKOA ZAIDI

Yako maradhi ambayo humtesa mgonjwa mara mbili: kwanza kwa ugonjwa wenyewe, kisha kwa tiba yake. Saratani ya sehemu za nje za uke ni mojawapo. Saratani hiyo hutangulia kuenea katika tezi za kinena, zile ambazo zikivimba huitwa mitoki. Kwa sababu hiyo, tangu Antoine Basset wa Ufaransa alipoueleza upasuaji huo mwaka 1912, madaktari waliziondoa tezi zote.

Maisha mengi yaliokolewa, lakini gharama yake ilikuwa nzito. Vidonda vilifumuka na kutunga usaha. Na kwa kuwa njia za maji ya limfu zilikuwa zimekatwa, miguu ilivimba, pengine kwa maisha yote. Mwanamke aliyepona saratani alirudi nyumbani asiweze kuinama shambani wala kuvaa kiatu chake.

Nafuu ya kwanza ilipatikana pale mpasuo mmoja mpana ulipoachwa, ikatumiwa mipasuo mitatu iliyotengana, njia iliyoenea katika miaka ya 1980. Nafuu kubwa zaidi imeletwa na uchunguzi wa tezi ya mlinzi, yaani tezi ya kwanza kupokea limfu kutoka kwenye uvimbe. Daktari huitafuta kwa rangi ya buluu na dawa yenye mnururisho, huitoa, nayo hupimwa kwa hadubini. Ikiwa safi, nyingine huachwa.

Mwaka 2008 wataalamu walioongozwa kutoka Groningen, Uholanzi, walitoa matokeo ya wanawake 403 wenye uvimbe usiofikia sentimita 4. Miongoni mwa walioondolewa tezi zote, vidonda vilifumuka kwa wagonjwa 34 katika kila 100. Kwa walioondolewa tezi ya mlinzi tu, 12. Uvimbe wa miguu ulishuka kutoka 25 hadi 2. Saratani ilirudi kinenani kwa takriban 2 tu katika 100 ya wale ambao tezi yao ilikuwa safi na uvimbe wao ulikuwa mmoja.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kisu kimekwisha kazi. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mbegu ya saratani isiyozidi milimita 2 ndani ya tezi hutibika kwa mionzi. Ikizidi hapo, kuondoa tezi zote bado ndiyo kinga iliyo imara zaidi.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo, uangalifu ndio dawa. Inafaa mshipa mkubwa wa damu upitao chini ya ngozi ya paja uhifadhiwe ikiwezekana, mrija wa kutolea maji utunzwe kwa usafi, mguu uinuliwe wakati wa kupumzika, soksi za kubana zivaliwe, na mchubuko wowote utibiwe mapema. Haya yote ni kazi ya muuguzi na jamaa wa mgonjwa kama ilivyo kazi ya daktari.

Lakini mpaka wa sentimita 4 watufunza jambo moja: upasuaji mdogo ni haki ya aliyewahi. Mwasho usiokoma, kidonda kisichopona, au uvimbe katika sehemu za siri hapana budi uonyeshwe hospitali mapema. Aibu inayomnyamazisha mwanamke leo ndiyo itakayopanua mpasuo wake kesho.