Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Mawasiliano: Kasi tunayouziwa na kasi inayofika chumbani

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Naandika kwa niaba ya nyumba yangu, na naamini pia kwa niaba ya nyumba nyingi za mijini zilizojiunga na intaneti ya kulipia kwa mwezi, iwe ya faiba au ya ruta ya laini. Tunalipa kwa wakati. Lakini ikifika saa mbili usiku, watu wote wakiwa wamerudi, intaneti inaanza kusuasua. Filamu inaganda, mwanafunzi wa chuo anatupwa nje ya kipindi, simu ya video na ndugu aliye Muscat inakatika kabla hamjamaliza kusalimiana. Ukipiga simu huduma kwa wateja unajibiwa hivi: "Huku kwetu laini yako inasoma vizuri. Una vifaa vingi, ongeza kifurushi."

Jibu hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Mara nyingi si sahihi, na linawatoa watu fedha bila kuwaponya. Naiomba Mamlaka iweke kanuni kwamba mtoa huduma asimshauri mteja kuongeza kifurushi kabla hajampimia, kwa waya na kwa waifai, na kumwonyesha tatizo liko upande gani wa ruta.

Kifurushi chetu ni cha megabiti 20 kwa sekunde. Nyumba ni ya kawaida kabisa: kuta za tofali za saruji, sebule mbele, vyumba vya watoto nyuma. Ruta iliwekwa pale waya ulipoingilia, nyuma ya runinga, pembeni ya dirisha lenye nondo. Siku moja nilizima waifai kwenye simu zote, nikachomeka kompyuta mpakato kwenye ruta kwa waya na kupima: megabiti 19. Nikachomoa waya, nikabaki pale pale sebuleni na kupima kwa waifai: 18. Nikaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango: 3. Kompyuta ni ile ile na kifurushi ni kile kile. Megabiti 16 zilipotea ndani ya nyumba, na hata ningelipia kifurushi cha 100 zisingerudi, kwa sababu mbano haukuwa kwenye faiba. Ulikuwa kati ya sebule na chumba cha nyuma.

Kipimo hicho hakihitaji utaalamu mkubwa, na kwa mwenye waya na kompyuta hakizidi robo saa. Kikitoka chini hata kwa waya, tatizo ni la mtoa huduma, au la mnara uliolemewa jioni kwa wale wa ruta za laini. Kikitoka vizuri kwa waya na kuporomoka kwa waifai, tatizo ni mawimbi. Haya ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake ni tofauti, lakini mteja anaandikiwa dawa moja tu, ile inayoongeza bei.

Tatizo la mawimbi lina sababu zinazojulikana. Masafa ya gigahezi 2.4 yanafika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ni finyu mno: chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Kwenye ghorofa za Kariakoo au Upanga, ukifungua orodha ya waifai kwenye simu utaona majina ya mitandao ya majirani mpaka uchoke kushusha. Wote hao wanagombania chaneli hizo chache, na oveni ya maikrowevu nayo inavuruga masafa hayo hayo kila inapowashwa. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi na kasi kubwa zaidi, ila ukuta mnene na zege la sakafu huyadhoofisha haraka. Ruta ikiwekwa nyuma ya runinga kwenye kona ya nyumba, watu wa chumba cha nyuma watabaki na gigahezi 2.4, watake wasitake.

Kuhusu hoja ya vifaa vingi, waifai ni kama kikao chenye kipaza sauti kimoja. Kwenye chaneli moja anaongea mmoja kwa wakati, wengine wanasubiri zamu. Simu mpya iliyo karibu na ruta inasema neno lake na kumaliza upesi. Simu ya zamani iliyo chumba cha mwisho inaongea polepole, na muda wote huo hakuna mwingine anayesikika. Kifaa kinachowasiliana kwa megabiti 6 kinatumia muda mara kumi zaidi ya kinachowasiliana kwa megabiti 60 kutuma picha ile ile. Kwa hiyo kifaa kimoja kilicho mahali pabaya kinaweza kuwachelewesha wote, na vifaa 15 vilivyotulia visiwe na madhara yoyote ya maana. Filamu ya HD inahitaji takriban megabiti 5. Nyumba yenye megabiti 20 zinazofika kweli vyumbani inaweza kuendesha runinga mbili, mwanafunzi akiwa kwenye kipindi na mzazi akisoma habari, bila mtu kulalamika. Tatizo ni neno hilo, "zinazofika".

Kuna jambo la pili ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu halionekani kwenye kipimo cha kawaida cha kasi. Binti yangu alirudi kutoka harusini na simu iliyojaa picha na video. Alipoingia tu ndani, simu ikashika waifai na kuanza kuhifadhi kila kitu mtandaoni yenyewe. Kaka yake alikuwa kwenye kipindi cha chuo. Sauti ya mwalimu ikaanza kukatika, kisha picha ikaganda. Nilipima muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi. Kabla ya hapo ulikuwa milisekunde 30 hivi, sasa ulikuwa umepita 800. Tulipositisha uhifadhi wa picha ukarudi 30, na kijana akaendelea na kipindi chake.

Kwenye upande wa kupokea kifurushi kilikuwa bado na nafasi. Kilichojaa ni upande wa kutuma, ambao kwetu ulipimwa ukatoa megabiti 4 tu. Kamera moja ya ulinzi inayotuma video mfululizo inaweza kula megabiti 2 kati ya hizo. Njia ya kutuma ikijaa, ruta hairudishi wala kuacha mzigo uliozidi, inaupanga foleni ndefu, na kila kitu kingine, hata ombi dogo la kufungua ukurasa, kinasubiri nyuma ya picha za harusi. Mhandisi wa Marekani, Jim Gettys, alilikuta jambo hili mwaka 2010 akiwa nyumbani kwake Massachusetts, ambako familia yake ilikuwa ikimlalamikia intaneti kuwa nzito, na akalitangaza kwa wahandisi wenzake duniani. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia ya kuzisimamia foleni hizo, na mwaka 2018 njia iliyojengwa juu ya kazi yao ikatolewa na jopo la wahandisi wa intaneti kama waraka RFC 8290. Programu zake ni za bure na zimo ndani ya Linux, mfumo ambao ndio msingi wa ruta nyingi. Ukiiwasha njia hiyo na kuiwekea ruta kikomo kilicho chini kidogo ya kasi ya laini, tuseme asilimia 90, picha za harusi zinakwenda na mwalimu anasikika kwa wakati mmoja.

Dawa ipo na haiuzwi ghali. Lakini kwenye ruta tuliyopewa sikuweza kuigusa, kwa sababu mtoa huduma amefunga ukurasa wa mipangilio na hatoi nywila yake. Sikuweza kubadili chaneli wala kutenganisha jina la gigahezi 2.4 na la gigahezi 5 ili runinga ihamie kwenye lile lenye nafasi. Naelewa hofu ya kampuni kwamba mteja ataharibu mipangilio kisha aite fundi. Hata hivyo, kumfungia mtu mlango na wakati huo huo kumwambia kwamba fujo za ndani ni zake si haki. Ama apewe funguo, ama kampuni ikubali kwamba waifai ni sehemu ya huduma iliyouza.

Mafundi wenyewe siwalaumu. Kijana aliyekuja kwetu alikuwa mpole na mjuzi, lakini alikuwa na nyumba nyingine za kufunga siku hiyo. Alipiga waya hadi pale ulipofika kwa urahisi, akapima akiwa amesimama kando ya ruta, akapiga picha ya matokeo na kuondoka. Picha hiyo ndiyo inayotumiwa hadi leo kama ushahidi kwamba kwetu kuko sawa. Fundi mwingine, aliyeitwa baadaye, alituuzia kile kifaa cha kuongeza mawimbi kinachochomekwa ukutani. Alama za waifai chumbani zikajaa na moyo ukafurahi. Kasi haikupanda kama tulivyotegemea, kwa sababu kifaa cha aina hiyo chenye redio moja hupokea na kutuma upya kila kitu kwenye chaneli ile ile, na hivyo kinakula karibu nusu ya nafasi iliyopo. Waya mmoja wa mtandao hadi chumba cha nyuma, na ruta ndogo ya pili mwisho wake, ndivyo vilivyomaliza kazi. Runinga nayo tuliiunganisha kwa waya, ikaacha kugombania mawimbi na simu. Hakuna aliyetushauri hivyo kabla ya kutuambia tupandishe kifurushi.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka yako ina nguvu ya kisheria katika hili. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ilikupa wajibu wa kusimamia ubora wa huduma na kumlinda mtumiaji. Mamlaka ndiyo inayoidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni. Tena wananchi wamekwisha kuonja faida ya kuelezwa ukweli. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ilidorora nchi nzima, lakini watu walijua sababu na wakavumilia. Mteja wa nyumbani naye anastahili kuelezwa kwa uwazi huo huo tatizo linapokuwa mita tano kutoka kwenye ruta yake.

Nchi nyingine zimekwisha kuanza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 inataka mkataba wa intaneti isiyo ya simu utaje kasi ya chini, ya kawaida na ya juu, kwa kupokea na kwa kutuma. Uingereza, chini ya mwongozo wa Ofcom, msimamizi wa mawasiliano wa huko, ulioanza kutumika Machi 2019, kampuni zilizosaini humhakikishia mteja kasi ya chini, na zikishindwa kurekebisha anaweza kuvunja mkataba bila faini. Marekani tangu mwaka 2024 inazitaka kampuni kuonyesha kwenye lebo moja bei, kasi ya kupokea, kasi ya kutuma na ucheleweshaji. Sioni sababu ya mkataba wa Kitanzania kuandikwa "hadi megabiti 20" na kuishia hapo. Wetu haukutaja kasi ya kutuma hata mahali pamoja.

Ninachopendekeza kianze ni fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ambayo fundi ataijaza mbele ya mteja kabla hajaondoka: kasi ya kupokea na ya kutuma kwa waya, kasi ya waifai katika kila chumba ambacho mteja amesema atakitumia, muda wa ujumbe kwenda na kurudi laini ikiwa tupu na ikiwa imejaa, masafa ambayo ruta inayatumia, na kama mteja amepewa nywila ya mipangilio. Mteja asaini na abaki na nakala. Siku atakapolalamika, kampuni na mteja watakuwa wanasoma karatasi moja. Sambamba na hilo, naomba ruta zinazogawiwa wateja zisiidhinishwe tena kama zina gigahezi 2.4 peke yake au hazina usimamizi wa foleni. Wenye ruta za zamani wapewe muda wa kubadilishiwa, maana hatutarajii kampuni zimalize hilo kwa mwezi mmoja.

Itafaa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lishirikishwe tangu mwanzo, kwa kuwa malalamiko haya ni ya wateja. Mkiitisha kikao na watoa huduma, niko tayari kufika na vipimo vyangu na kompyuta ile ile, nao waje na vya kwao. Naomba majibu ya Mamlaka yatolewe hadharani, ili na wengine waliokwisha kupandisha kifurushi wajue kama walihitaji kufanya hivyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mteja wa intaneti ya nyumbani,
Sinza, Dar es Salaam.