Spika siyo gunia la mchele

Semesta ndo inakatika, watu wanafunga mizigo kurudi makwao, na kilio ni kilekile cha kila mwaka: "spika zimefika, ila zinakwaruza." Safari hii ni mshikaji wangu wa Mbeya, kamaliza pepa mapema. Alibana boom lake semesta mbili akanunua spika mbili za inchi 15, akapige muziki kwenye maharusi likizo hii. Zimefika, boksi halina hata mchubuko, lakini moja inakoroma. Harusi ya kwanza kaikosa, na hela ya ada ya mdogo wake ilikuwa itoke humo.

Sasa kila mtu analaumu wapagazi. Mimi nabisha. Mpagazi hajui ndani kuna nini, na "SHIKA TARATIBU" ya kalamu nene haisomeki alfajiri ndani ya buti. Funga mzigo ukijua kabisa utadondoshwa. Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na Kitonga iko njiani.

Halafu tuelewe kinachoharibika. Spika kubwa ina sumaku nzito nyuma, na koili inacheza kwenye mwanya mwembamba sana wa hiyo sumaku. Ikipigwa chini, sumaku inaweza kusogea kidogo tu, koili ikaanza kusugua. Ndo maana kwa nje unaona safi.

Kwa hiyo kwanza ivishe nailoni, zile chenga nyeupe zisiingie ndani. Mbele weka plaiwudi kulinda karatasi. Kila upande, hasa pembeni, weka ile plastiki nyeupe ngumu ya maboksi ya TV, walau sentimita 5. Sponji ya godoro peke yake inabonyea kwa uzito. Kila spika na boksi lake, na ukilitikisa kisisikike kitu kinacheza. Isilazwe kifudifudi. Kama haina amplifaya ndani, unganisha tundu jekundu na jeusi kwa waya mfupi, karatasi haitarukaruka sana njiani. Ila utoe huo waya kabla ya kuunga amplifaya, la sivyo utaiunguza!

Najua mtasema gharama. Jamani, boksi na plaiwudi ni bei gani ukilinganisha na spika yenyewe? Ulizia maboksi kwenye maduka ya TV na friji kabla hujanunua.

Wenye mabasi nao nisiwaache. Risiti inayosema "mzigo mmoja" haimsaidii mtu. Dai waandike "spika" na thamani yake, piga picha kabla ya kukabidhi, na ukipokea jaribu siku hiyohiyo. Bila hivyo hata ukidai fidia utaonekana msumbufu tu.

Haya, ni hayo tu. Mimi nimebakiza pepa moja. Mnaosafiri, safari njema, na spika zenu zifike zikiimba.