Masika Haya Tupande Mlimani kwa Adabu



Kila mwaka Kwaresima ikikaribia mwisho, watu hupita ofisini kwa karani wa parokia na swali moja: Pasaka hii tutakwenda wapi? Vijana huuliza, akina mama wa WAWATA huuliza, na walimu wa watoto huuliza zaidi, maana watoto wasipopewa jambo la kufanya hulitafuta wenyewe. Swali ni jema. Basi leo nataka kulijibu kwa ajili ya familia zote za Morogoro, pamoja na ndugu zetu watakaotutembelea.

Kwanza tutazame kalenda. Pasaka haitangulii 22 Machi wala haipiti 25 Aprili, kwa hiyo kwetu siku zote huangukia ndani ya masika. Mara huja 7 Aprili, siku ya kumkumbuka Mzee Karume aliyeuawa mwaka 1972. Kisha 26 Aprili, siku ya Muungano wa mwaka 1964. Kisha Mei Mosi. Miaka hii hata Idi-el-Fitri ya jirani zetu Waislamu imesogea huku huku: mwaka 2024 ilikuwa 10 Aprili, na mwaka 2025 ilikuwa 31 Machi. Mungu ametujalia sikukuu nyingi katika muda mfupi, na zote mvua inanyesha. Wapo wanaonung'unika kwamba masika huharibu sikukuu. Mimi nasema masika ndiyo sikukuu yenyewe, ila tunapaswa kujua ni nani anayetualika.

Anayetualika ni mlima. Wazee waliuita mji wetu "mji kasoro bahari", maana una kila kitu isipokuwa bahari. Lakini ondoa Uluguru uone kitakachobaki! Mto Morogoro unaopita katikati ya mji watoka huko juu. Mito ya upande wa magharibi, kama vile Mzinga na Ngerengere, hulijaza Bwawa la Mindu lililojengwa miaka ya 1980 ili sisi wa mjini tupate maji bombani. Mito ya upande wa mashariki na kusini hushuka na kuwa mto Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Tangu 14 Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria, jamaa yako wa Dar es Salaam aweza kufika kwako kwa muda wa kama saa mbili. Akishuka, mwonyeshe mlima umwambie: "Shemeji, maji uliyonawia uso asubuhi yalianzia kule."

Sasa tazama tunavyomlipa mwenyeji wetu. Jumatatu ya Pasaka makundi hupanda kwa kelele na redio, hupita katikati ya mashamba ya watu bila hodi, hupiga picha, hula, kisha hushuka. Huko nyuma huacha chupa za plastiki na masahani ya kutupa. Mvua ya jioni ile ile huzikokota taka hizo mpaka kijitoni, na kijito huzirudisha kwetu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, lakini chupa bado zatushinda. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Tusiwe punda.

Basi haya ndiyo ninayoyapendekeza kwa masika haya. Hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni sokoni. Jumamosi moja kabla ya Pasaka, baba na mama waende na watoto wao Soko Kuu la Chifu Kingalu, wafike mapema. Kingalu ni jina la watawala wa Waluguru wa Kinole, waliosifika tangu zamani kwa kuomba mvua, na mtoto yafaa alijue jina hilo kabla ya kununua nyanya chini yake. Waonyesheni karoti, kabichi na njegere za Mgeta. Waonyesheni ndizi na viungo vya Kinole na Mkuyuni. Tena mwonyesheni mtoto miguu ya mama aliyeshuka na mkungu kichwani, akatembea gizani kwenye utelezi ili afike kabla jua halijawa kali. Kisha, mbele ya mtoto huyo huyo, usikae robo saa nzima ukimbana mama yule apunguze shilingi mia mbili. Mtoto hujifunza haki kwa kumtazama mzazi wake akinunua mboga kuliko kwa kusikia mahubiri kumi.

La pili ni safari ya Jumatatu ya Pasaka. Wenye watoto wadogo waishie chini, kama vile pale Rock Garden penye mawe makubwa na maji ya mto. Wenye nguvu waweza kupanda hadi Morningside, penye nyumba ya zamani ya Wajerumani. Kwa mguu mtu mzima huchukua saa mbili na zaidi. Huko juu kuna vijiji vya watu, kama Towelo na Ruvuma (Ruvuma ya hapa Uluguru, si ule mto wa kusini). Basi twende kama wageni. Kiongozi wa msafara atangulie siku mbili kabla, aonane na mwenyekiti wa kijiji, aseme tutakuja watu kadha wa kadha. Chakula tukinunue huko huko kwa wenyeji: ndizi za kuchemsha, magimbi, maharage. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kila mtu abebe mfuko wa kurudishia taka zake. Tena kama kijijini kuna kigango, tusali nao kabla ya kula nao.

Hapa yafaa nionye. Masika hayachezewi. Mto ukibadilika rangi na kuanza kunguruma, usivuke hata kama asubuhi ulivuka kwa viatu vikavu. Ngoja, au rudi. Msishuke jioni sana, kwani njia za udongo mwekundu huwa kama sabuni. Anayetaka kuingia katika msitu wa hifadhi hadi kilele cha Lupanga, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,100, ni lazima kwanza apate kibali kwa watu wa misitu. Na kwa kweli safari hiyo yafaa iahirishwe hadi kiangazi. Tena hakuna masika yasiyo na mbu. Kila mtoto alale ndani ya chandarua, na mwenye homa apelekwe hospitali, asiambiwe ni uchovu wa mlima.

La tatu ni miti. Tarehe 21 Machi ni Siku ya Misitu Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2012, nayo hutufikia wakati ardhi imelowa. Kila jumuiya ndogo ndogo iandae miche yake. Lakini tusipande tu ili tupige picha na kuondoka. Tuwaulize wenye mashamba wanataka mti gani na wapi. Penye chemchemi tusipeleke mikaratusi, kwani hunywa maji mengi. Mkuyu wafaa zaidi, na wazee wa mlimani wanajua hivyo kabla yetu. Kisha jumuiya irudi baada ya miezi mitatu kutazama miche mingapi ingali hai. Mche usiotazamwa ni mche uliotupwa.

Nimesema tuwaulize wenye mashamba, na neno hilo lina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru unashuka mitoni, ikawaamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Shabaha ilikuwa kuuokoa udongo. Lakini watu hawakushauriwa; kazi ilikuwa nzito mno, na mahali pengi kuchimba kule kulifukua udongo wa chini usio na rutuba, mavuno yakapungua. Mwaka 1955 watu walikataa. Huko Matombo, mahali penye misioni ya tangu mwaka 1897, ghasia zilitokea, askari wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ule ukaanguka.

Tazama sasa jambo la pili. Kuanzia mwaka 2006, katika eneo la Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yalikuja na utaratibu mwingine: mkulima akitunza shamba lake vizuri kwa matuta na miti, watumiaji wa maji walioko chini humlipa kitu. Kampuni ya maji ya Dar es Salaam ilichangia, na kiwanda cha soda nacho. Wakulima wengi walijiunga kwa hiari yao. Mlima ni ule ule na udongo ni ule ule. Matuta yaliyokataliwa kwa amri yalichimbwa kwa mapatano. Mtu akiheshimiwa hufanya kazi ambayo kiboko hakiwezi kumfanyisha. Hilo latuhusu hata sisi tunaopanda kwa matembezi ya siku moja: tusiende kuwafundisha watu wa mlimani jinsi ya kuishi. Twende tuwasikilize, tuwashike mkono na tulipe tunachokula.

La nne ni sala ya mashamba. Wazee wetu wanazikumbuka siku za Rogasio, zilizokuwa 25 Aprili na siku tatu kabla ya Kupaa Bwana. Padre na waamini walitoka kwa maandamano, wakaimba litania ya watakatifu na kuyabariki mashamba. Tangu matengenezo ya kalenda ya mwaka 1969 mpango wa siku hizo uliachwa mikononi mwa mabaraza ya maaskofu, na mahali pengi desturi ilififia. Lakini hakuna anayetuzuia kusali. Kwa idhini ya paroko, jumuiya moja ya mjini na kigango kimoja cha mlimani waweza kuchagua asubuhi moja ya mwezi wa Mei, mwezi wa Mama Maria, wakatembea pamoja kando ya mashamba wakisali rozari. Wa mjini wamwombee anayelima, wa mlimani wamwombee anayekunywa. Marehemu Papa Fransisko, aliyefariki siku ya Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025, alituachia waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, akitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote. Nyumba yetu sisi ina paa, nalo ni Uluguru. Paa likivuja, hakuna chumba kitakachobaki kikavu.

La tano ni la siku za mvua isiyokatika. Siku hizo zipo, tena nyingi, na ndizo huwatia akina baba katika majaribu ya kukaa kilabuni toka mchana. Baba, kaa nyumbani. Washa jiko mapema, kausheni viatu, kaangeni mahindi. Bao litolewe uvunguni. Bibi aombwe asimulie alivyochezwa ngoma zamani. Babu aombwe aeleze juu ya Salum Abdallah na Cuban Marimba, au juu ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, jinsi watu walivyosafiri kuja mji huu kwa ajili ya muziki. Mtoto mmoja aandike yatakayosemwa. Mama naye siku hiyo asiachwe peke yake na masufuria. Anayekula ugali anaweza pia kuosha sahani. Sikukuu inayomchosha mama kuliko siku za kazi si sikukuu ya familia, ni sikukuu ya wanaume.

Wasomaji wapenzi, labda mtu atasema: karani ametuletea kazi badala ya starehe. La hasha. Nimetaja soko, safari, chakula, nyimbo na hadithi. Starehe gani imebaki? Nimeongeza jambo moja tu, kwamba furaha yetu isiwe hasara ya mwingine. Mwaka hadi mwaka udongo unashuka, na maji ya Mindu hurudi kuwa matope. Ipo siku mtoto wa mjini atafungua bomba lisitoe kitu, na mtoto wa mlimani atapanda mbegu kwenye mwamba. Watoto hao wawili wangali wadogo. Tukiwakutanisha masika haya, wakala ndizi katika sinia moja, na kila mmoja akalijua jina la mwenzake, wakikua itakuwa rahisi kwao kukaa mezani wakapatana juu ya maji na udongo.

Basi viongozi wa jumuiya leteni majina ya wasafiri mapema, mkitaja idadi ya watoto na nani atakayewaangalia. Viatu viwe vya kukamata ardhi, miavuli isisahauliwe, na redio zibaki nyumbani. Ndege wa Uluguru wanatosha.

Nawatakieni Pasaka njema na masika yenye baraka.

Ndugu yenu katika Kristo,
Karani wa Parokia, Morogoro