Mtoto ameshika namba ya paybill kabla ya jedwali la kuzidisha

Siku moja, saa kumi jioni, nilipanda matatu Embu nikielekea Meru. Tulipofika Runyenjes wakaingia wanafunzi wawili wa shule ya msingi, wakabanana kwenye kiti kimoja mbele yangu. Redio ilikuwa juu. Likaja tangazo la bahati nasibu, yale ya tuma hela ushinde leo leo. Kabla mtangazaji hajafika kwa namba ya paybill, yule mdogo alikuwa ashaitaja yote, tarakimu baada ya tarakimu, kwa madoido yale yale ya redioni. Abiria walicheka. Hata mimi nilicheka.

Walishuka kabla ya Chuka. Ndipo nikaanza kujiuliza: huyu mtoto amelisikia tangazo hilo mara ngapi hadi likamkaa kichwani hivyo?

Ukiwauliza wanaohusika, jibu huwa moja: tangazo halikulengwa kwa watoto. Mwishoni si kuna sauti inayokimbia ikisema mchezo ni wa waliotimiza miaka 18? Basi, mambo yameisha. Mimi nasema hapo ndipo tunapochezwa. Mtoto hajui kama amelengwa au hajalengwa. Anajua tu kwamba kuna mtu mwenye sauti tamu anayemwambia kila siku kuwa hela zinapatikana bila jasho. Swali la maana si tangazo lilimlenga nani. Swali ni nani alikuwepo likipigwa.

Na saa kumi jioni, kwenye matatu, watoto wapo. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinavitaka vituo vya redio na runinga viwakinge watoto dhidi ya maudhui yasiyowafaa kuanzia saa kumi na moja asubuhi hadi saa nne usiku. Kwa hivyo si kwamba nchi hii haijawahi kufikiria masikio ya mtoto. Imefikiria, ikaandika, kisha utekelezaji ukawa wa kupapasa.

Hebu tukumbushane. Mwaka wa 2018 serikali ilifanya msako wa zile mashine za kamari zilizokuwa zimejaa vijijini, zilizomeza sarafu za shilingi 20 za watoto waliotumwa dukani. Mashine zilikusanywa na kuteketezwa, wazazi wakashangilia. Mwaka uliofuata, bodi ya kudhibiti kamari ikataka kupiga marufuku mabango ya kamari, watu maarufu kuzipigia debe kampuni hizo, na matangazo yake redioni na kwenye runinga mchana. Kesi ikapelekwa kortini na agizo likasimamishwa. Tukarudi pale pale.

Ikapita miaka sita. Aprili 2025 bodi hiyo ikasitisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, ikisema yanawadhuru walio hatarini, watoto wakiwemo. Zikafuata kanuni mpya zinazowazuia wasanii na watu maarufu mitandaoni kutangaza kamari. Agosti mwaka huo huo Rais William Ruto akatia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari, ikachukua nafasi ya ile ya 1966. Vizuri. Lakini tofauti ya mashine ya 2018 na kamari ya leo ni kwamba chifu hawezi kuiteketeza ya leo. Iko ndani ya simu ya mama, simu ile ile ambayo mtoto anaazimwa akafanyie kazi ya shule.

Najua mtakachosema: wazazi wafanye kazi yao. Ni kweli, mzazi ana wajibu. Lakini fikiria mama anayeuza mboga soko la Gakoromone. Anatoka nyumbani kabla jua halijachomoza, anarudi usiku, na huko katikati mtoto yuko na redio ya jirani, bango la barabarani na mechi kwenye kibanda cha video. Upande mmoja kuna mama mmoja aliyechoka. Upande wa pili kuna kampuni yenye watu wanaolipwa mshahara kutafuta maneno yatakayonasa. Kusema hao wawili wapambane wenyewe si haki.

Hata jezi. Kule Uingereza, jezi za saizi ya watoto haziruhusiwi kubeba nembo ya kampuni ya kamari, na mwaka wa 2023 klabu za Ligi Kuu zilikubaliana kuziondoa nembo hizo mbele ya jezi baada ya msimu wa 2025/26. Kopi zinazouzwa kwetu sokoni hazijui hayo. Mtoto wa miaka sita anavaa nembo ya kamari kifuani, na sisi tunampiga picha kwa sababu amependeza.

Sasa nije kwa jambo ambalo huenda likawaudhi watu wa nyumbani. Mei 2024, Mombasa ilipopiga marufuku muguka, nayo Kilifi na Taita Taveta zikafuata, Embu nzima ilisimama. Tulikwenda Mahakama Kuu, marufuku ikasimamishwa. Hoja yetu ilikuwa nini? Kwamba hilo ni zao la wakulima wa Mbeere, lisomeshalo watoto, na kwamba kama shida ni watoto kuutafuna, basi dhibitini mauzo, msiwaue wakulima. Watu wa Meru, wenye miraa yao, walielewa hoja hiyo bila kuelezwa.

Mimi naiamini hoja hiyo. Lakini ukiisema, inakubana na wewe. Kama dawa ya muguka ni kudhibiti na kuuweka mbali na mtoto, basi tuuondoe pia kwenye vibanda vilivyo mita chache kutoka lango la shule zetu wenyewe. Na tukishafanya hivyo, tuwaambie wa kamari maneno yale yale: sijasema mfunge biashara, nasema muondoke masikioni mwa mtoto. Wakituambia kuna ajira na pesa za matangazo zitakazopotea, tunaijua lugha hiyo. Tuliitumia sisi wenyewe.

Tunaanzia wapi? Wengi wetu tutasema Nairobi. La. Fungua Katiba, Jedwali la Nne, usome majukumu ya kaunti. Udhibiti wa matangazo ya nje umo. Kamari na kasino zimo. Hata masomo ya chekechea yamo. Yaani bango la kamari linalotazamana na shule ya chekechea hapa Meru au Embu, ni kaunti yenye usemi juu ya bango hilo, na ni kaunti hiyo hiyo inayomlipa mwalimu wa hao watoto. Mkono mmoja unafundisha kuhesabu, mkono wa pili unakusanya ada ya bango.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo na linawezekana. Mabunge ya kaunti za Meru na Embu yapitishe sheria: bango lolote la kamari au pombe lisionekane kutoka lango la shule, na duka la kubeti lisipewe leseni karibu na shule. Nazo redio zetu za Kimeru na Kiembu, tunazozipenda na zinazotuongelesha kama watu wa nyumbani, ziyaweke matangazo ya kamari baada ya saa nne usiku, hata siku za mechi. Hilo halihitaji korti. Linahitaji meneja wa kituo kumfikiria mtoto wake mwenyewe akiwa kwa matatu.

Na sisi vijana tuache kuwaachia wazee vikao vya umma vya kaunti kisha tulalamike mitandaoni. Mwakilishi wadi wako unamjua. Mpigie, umuulize bango la karibu na shule ya msingi uliyosomea lililipiwa ada ya nani.

Yule mtoto wa Runyenjes ana kumbukumbu kali ajabu. Mwalimu angeweza kufanya makubwa nayo. Kwa sasa imehifadhi namba ya paybill.