Hadithi ya "Niliacha Chuo Nikaomoka" Imekatwa Katikati

Wasee, kuna swali linajaa kwa inboksi yangu: "Wewe uliacha campo na sasa uko sawa. Na mimi niache?" Jibu langu ni moja. Hiyo ni hadithi. Kabla hujaifanya ramani ya maisha yako, isome vile ulifunzwa kusoma hadithi.

Najua, ukisikia "mbinu za uandishi" unakumbuka karatasi ya tatu ya Kiswahili na kukariri: tashbihi, kinaya, jazanda, taharuki, sadfa. Tulikuwa tunawinda mbinu kama askari wa kaunti anavyowinda wachuuzi. Ukiikamata unaandika jina, unatoa mfano, unapewa alama, unasonga. Swali la maana mara nyingi lilibaki nje: hii mbinu inanifanyia nini mimi msomaji?

Chukua Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei. Inaanza Ridhaa akiwa ashapoteza nyumba na familia, halafu mwandishi anaturudisha nyuma. Hicho ndicho kisengere nyuma. Hakikuwekwa pale ndio upate alama. Kiliwekwa ndio ujiulize, huyu mtu alifikaje hapa? Ukishauliza hivyo, mtu hawezi kukuambia "ni bahati mbaya tu" na uridhike.

Sasa beba hilo swali uende nalo kwa simu. Video za "aliacha chuo akawa bilionea" hazikosi Bill Gates na Mark Zuckerberg. Ni kweli, Gates aliacha Harvard 1975 na Zuckerberg 2004. Lakini rudi nyuma kidogo. Gates alianza kuandika programu akiwa na miaka 13, mwaka wa 1968, kwa sababu shule yake ya kibinafsi pale Seattle ilikuwa na mashine iliyounganishwa na kompyuta. Baba yake alikuwa wakili. Zuckerberg ni mtoto wa daktari wa meno, na alitafutiwa mwalimu wa kumfunza programu akiwa bado mdogo. Na mwaka huohuo wa 2004, mwekezaji alikuwa ameweka dola 500,000 kwa Facebook. Hawa hawakuruka gizani, bana.

Muundo wa hadithi si siri. Aristotle alisema kitambo: mwanzo, kati, mwisho. Mwaka wa 1863 Mjerumani Gustav Freytag akauchora kama piramidi: utangulizi, mgogoro unapanda, kilele, unashuka, hatima. Video ya sekunde 60 inachukua mwanzo wa huzuni, inaruka moja kwa moja hadi kwa gari jipya, kwisha. Hata kwa ngano tunaonyeshwa sungura alivyomlaghai fisi. Nyanya akiruka hapo, watoto wenyewe watalalamika. Mbona sisi watu wazima hatulalamiki?

Tangazo la kamari ni hivyohivyo. Kijana hana kitu, anabonyeza simu, mtaa mzima unashangilia. Wanaikata kwa kilele makusudi, ndio taharuki ibaki kwako: labda kesho ni wewe. Aliyepoteza kodi ya nyumba hana tangazo.

Na kinaya? Jamaa anakuambia masomo hayana maana, halafu hapo chini ameweka linki ya kozi anayouza.

Hata yangu nikiikata vizuri inavutia: aliacha mwaka wa pili, leo analipwa kutengeneza video. Sasa weka kati. Sikuacha kwa sababu ya ndoto, karo ilikwama. Dada yangu alinilipia kodi. Nilihariri video za harusi za watu usiku kucha, na kuna miezi simu haikulia hata mara moja. Hiyo sehemu haipati laiki nyingi, lakini ndiyo hadithi yenyewe.

Sisemi usiache, wala sisemi ubaki. Kuna watu chuo hakiwafai na kuna watu hawana njia nyingine. Nasema ukionyeshwa hadithi ya kuomoka, uliza maswali matatu. Mwanzo wake halisi ni upi? Kati imeenda wapi? Na nani anapata pesa nikiamini kwamba inaishia hapa?

Hakuna mtahini atakupa alama kwa hayo majibu. Lakini ukiyakosa, gharama utalipa wewe, si aliyepost video.