KIWANJA CHA NDEGE NI CHA NANI?

Ndugu Wanachama wa Kitale na Bungoma,

Kwa miaka mingi tumesikia maneno ya kupanua viwanja vya ndege vya upande wetu, kile cha Kitale na kile cha Matulo karibu na Webuye. Chama hakipingi ndege. Msafiri wetu wa mbali huenda kupandia Eldoret, katika kiwanja kilichofunguliwa 1997, na wengi wamepata kazi huko. Tunalouliza ni hili: kiwanja kikipanuliwa, mfanya kazi atapata nini?

Tazameni yaliyopita. Kiwanja cha Embakasi, Nairobi, kilifunguliwa mwaka 1958, na wengi waliokichimba walikuwa watu waliofungwa wakati wa Hali ya Hatari. Hawakuulizwa neno. Mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki lilivunjika kwa ugomvi wa serikali tatu, wala si kwa kosa la makanika au mpakia mizigo. Lakini hao ndio waliopoteza kazi.

Mwaka 2024 ilijulikana kwamba kampuni ya Adani ya India yataka kukodishwa kiwanja hicho cha Nairobi kwa miaka 30. Wafanya kazi wa viwanja waliogopa kufukuzwa, wakagoma tarehe 11 Septemba, na ndege zikakaa chini. Mpango ulifutwa tarehe 21 Novemba, baada ya wakubwa wa kampuni hiyo kushtakiwa Marekani. Mgomo peke yake haukuufuta, lakini nchi nzima ilijua kwamba mfanya kazi naye ana sauti.

Basi tusingoje trekta zifike. Sheria ya Kazi ya 2007 yasema kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo ahesabiwe mfanya kazi wa mwezi, na mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Msimamizi anayekuandika upya kila Jumatatu anataka usahau hayo. Weka hesabu ya siku zako katika daftari, ulete kwa katibu wa tawi.

Mchimbaji, mlinzi, mfagiaji na dereva, jiungeni sasa. Ndege huruka na kwenda zake. Sisi tunabaki hapa chini. Yafaa tubaki na kazi yenye barua na mshahara wa haki.

MHARIRI