MAONI – Ziwa Kivu: Boti ambayo mota yake inachemka haipashwe kubeba watu

Kila mara boti inapozama katika Ziwa Kivu, maswali ni yale yale: wasafiri walikuwa wangapi? Walivaa jile za kuokoa? Nani aliruhusu boti itoke? Ni maswali ya lazima. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Mzigo kupita kiasi ndio uliotajwa. Lakini kuna swali lingine ambalo haliulizwe sana bandarini: mota iko katika hali gani?

Swali hilo na lile la mzigo ni ndugu. Boti iliyojaa kupita kiasi inalazimisha mota kusukuma kwa nguvu zote saa nyingi. Joto linapanda. Kama pampu ya maji imechoka, ao mfuko wa plastiki umeziba pale maji yanapoingilia, mota inachemka. Na kitu cha kwanza kuumia ni kulasi, kile kichwa cha mota kinachofunika silinda. Kulasi ya aluminiamu ikipata joto kali inapinda. Juwe yake, ile inayokaa kati ya kulasi na bloki, inaungua, na maji yanapata njia ya kuingia mahali pa moto. Nguvu inapungua, kisha mota inazimika katikati ya ziwa. Boti isiyo na mota inageuka ubavu, mawimbi yanaipiga kando, na kama imebeba mizigo mingi, wasafiri wako hatarini.

Kivu ina shida yake ya pekee. Ziwa hili liko karibu mita 1 460 juu ya bahari. Kwa kimo hicho, maji yasiyofungwa kwa presha yanachemka karibu digri 95, si 100. Kwa hiyo dereva anayepoteza kifuniko cha tanki ya maji ya mota ya dizeli, na kuziba kwa kitambaa, anajipunguzia mwenyewe nafasi ya usalama.

Dalili si siri. Kwenye mota ya dizeli, maji yanapungua kila siku na hakuna mahali yanapovuja. Vipovu vinapanda ndani ya tanki. Moshi mweupe unaendelea hata mota ikiisha pata moto. Mafuta yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Kwenye mota ndogo ya nyuma ya « deux temps », dereva asingojee kuona mafuta ya namna hiyo, kwa sababu haina tanki ya mafuta chini. Huko anapashwa kuangalia maji yanayoruka kando ya mota: yakikatika, azime mara moja. Tena afungue buji: ile iliyolowa maji inaonyesha silinda yenye shida.

Fundi mzuri haanze na kufungua kulasi. Anaanza na kupima presha ya kila silinda. Mbili zinazofuatana zikiwa chini pamoja, mara nyingi juwe imekatika kati yao. Akiisha fungua, anaweka rula ya chuma iliyonyoka juu ya kulasi na kupitisha chini yake vipande vyembamba vya kupimia. Kwa mota nyingi, kupinda kunakopita sehemu moja ya kumi ya milimita kunatosha kuikataa, na nyingine haziruhusu hata hiyo. Kulasi ya dizeli kubwa hainyooshwe kwa tupa mkononi. Inapelekwa kwenye mashine. Wakati wa kurudisha, juwe inakuwa mpya, na bulo zinakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa ufunguo unaopima nguvu, kufuatana na kitabu cha mota hiyo.

Wenye boti wengi hawapendi sehemu hii, na wana sababu. Piyesi ni gali, mashine ya kunyoosha iko mbali, barabara ni mbaya, na boti ikilala bandarini siku tatu, familia kadhaa hazile. Ndiyo maana juwe ya zamani inapakwa kole, bulo zinakazwa kwa kukisia, na safari inaendelea. Lakini hesabu hiyo ni ya uongo. Juwe mpya juu ya kulasi iliyopinda itaungua tena. Na kama sababu ya joto haikutafutwa, yaani pampu, termostati ao njia za maji zilizoziba, hata kulasi mpya itapinda. Mwenye boti atalipa mara mbili, na mara ya pili inaweza kuwa usiku, mbali na kisiwa cha Idjwi, na watu ndani.

Kuna mambo ambayo yanawezekana bila kungojea mradi wa kutoka nje. Kila boti ya wasafiri iwe na daftari ya mota: siku ilichemka, nani alifungua, presha ya kila silinda ilikuwa ngapi. Wenye kukagua kwenye bandari wanaohesabu watu na jile waombe pia daftari hiyo. Mota iliyofunguliwa kulasi ijaribiwe kwanza karibu na ufuko, na mizigo lakini bila wasafiri. Mashirika ya wenye boti yachange feza yanunue kipima-presha na ufunguo wa kukazia, vitumiwe na mafundi wote wa bandari. Na boti kubwa isitoke bila mota ya pili inayowaka.

Wasafiri nao wana sauti. Mtu anayepanda Goma kwenda Bukavu hajui kufungua kulasi, lakini anaona moshi mweupe, na anaona dereva anayejaza maji kila nusu saa. Akiona hivyo mbele boti haijatoka, ana haki ya kuomba feza zake na kushuka. Wasafiri kumi wakishuka pamoja, mwenye boti atampigia fundi simu siku ile ile.